Dharau kwa Kiingereza: namna ya kuchagua neno linalofaa

Kiswahili humudu mengi kwa neno moja. Mtu akikupandisha na kukushusha kwa macho, akikusonya, akikataa mkono wako, akiucheka utunzi wako au akikaidi amri ya hakimu, tunasema amedharau, na maneno yaliyo jirani ndiyo yatakayoeleza dharau hiyo ilikuwa ya namna gani. Tunayo pia kubeza, kukebehi, kukejeli, kudhihaki, kusimanga, kutweza na kuzomea, lakini dharau ndilo linalokuja kwanza mdomoni. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno zaidi ya ishirini, na mgawanyo wake haufuati mipaka yetu. Ndiyo maana tafsiri nyingi hujaa "despise" mahali ambapo Mwingereza asingelitia neno hilo kabisa.

Njia inayosaidia ni kuyashika maneno hayo kwa asili zake. Mengi yalianza na kiungo cha mwili, au na tendo linaloonekana: kutazama chini, kuinua nyusi, kucheka, kupiga teke. Picha hiyo ya kwanza bado huongoza matumizi ya leo, na aliyeikamata hana haja ya kukariri orodha ndefu. Mahali picha ilipofifia au ilipogeuka patatajwa, kwa kuwa hapo ndipo watu hujikwaa.

Kwanza hakikisha kwamba ni dharau kweli

Kudharau kwetu mara nyingi ni kulikadiria jambo chini ya uzito wake, bila chuki wala majivuno. Kocha akiwaambia wachezaji wake "msiwadharau wale vijana", anawataka wasiwachukulie kirahisi. Kiingereza cha hapo ni "underestimate": "Don't underestimate those boys." Ukiandika "Don't despise those boys", onyo la mchezo limegeuka somo la maadili. Vivyo hivyo methali yetu "Mdharau mwiba mguu huota tende": mtu wa methali hauchukii mwiba wala hajioni bora kuliko mwiba, bali ameuona mdogo. Tafsiri nzuri ni "Make light of a thorn and your foot will swell." Na anayedharau dalili za malaria, kwa Kiingereza "ignores" au "neglects" hizo dalili.

Fanya jaribio hili kila mara. Weka "kuchukulia kirahisi" au "kupuuza" mahali pa "kudharau". Kama maana imebaki ile ile, achana na ukoo mzima wa maneno yanayofuata, tumia "underestimate", "make light of", "ignore" au "disregard". Kama maana imepotea, endelea.

Dharau ya moyoni

Maneno manne makubwa hukaa hapa, na ndiyo yanayochanganywa zaidi: "contempt", "disdain", "scorn" na "despise".

"Contempt" ni ya baridi. Ni hukumu ambayo mtu ameshaitoa moyoni: huyu hana thamani, na sibishani tena. Linatokana na Kilatini "contemnere", ambalo nalo lilimaanisha kudharau, kwa hiyo asili hapa haitupi picha ya kushika. Shika miundo yake badala yake. Kihusishi chake ni "for": "She has nothing but contempt for liars." Ukitaka kitenzi, Kiingereza cha leo hutumia kifungu, "hold someone in contempt", kitenzi "contemn" kipo, ila utakikuta vitabuni tu, usikitumie. "Beneath contempt" ni kauli kali mno: jambo lenyewe ni duni hata kulidharau ni kulipa heshima. Kihusishi hugeuka kuwa "of" katika sheria, "contempt of court", ambalo mahakama zetu huliita kudharau mahakama. Kumbuka kwamba hapo hisia haihesabiwi. Mtu anaweza kuiheshimu mahakama kwa moyo wote na bado akapatikana na kosa hilo kwa kukaidi amri yake kwa makusudi.

Matamshi nayo yanahitaji uangalifu. Kwa mazoea yetu ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, wengi husema CON-tempt na DIS-dain. Maneno yote mawili hukazwa mwisho: con-TEMPT, dis-DAIN.

"Disdain" lina picha safi kabisa. Mzizi wake ni Kilatini "dignus", anayestahili. Kitenzi "dignari" ni kuona kwamba kitu kinastahili, na "dis-" hukanusha. Likapitia Kifaransa cha kale ndipo likafika Kiingereza. Ndugu zake ni "dignity", "indignant" na "deign". Kwa hiyo mwenye "disdain" anakiona kitu hakifikii hadhi yake. Yeye yuko juu, na kuteremka hataki. Tofauti na "contempt", ambayo hata maskini huweza kuwa nayo kwa tajiri mwizi, "disdain" huhitaji mtu anayejiona wa daraja la juu, ama kwa cheo, ama kwa elimu, ama kwa ladha. Kipimo chake ni rahisi: kama unaweza kuongeza maneno "hayo si ya hadhi yangu" mwishoni mwa sentensi, neno ni hilo. "He disdained to answer" maana yake aliona kujibu ni kujishusha. Nomino huchukua "for", kivumishi "disdainful" huchukua "of", na kitenzi hakihitaji kihusishi chochote.

"Scorn" ni dharau ya moto, inayotoka nje, na ndani yake mna kicheko. Lilitoka Kifaransa cha kale, "escarn", ambalo Kifaransa chenyewe kilikuwa kimelichukua kutoka lugha za Kijerumani za kale, na maana ya mwanzo ilikuwa mzaha, kumfanyia mtu shere. Msomaji wa Biblia anaweza kuiona maana hiyo wazi. Zaburi 1:1 katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inataja "the seat of the scornful". Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "barazani pa wenye mizaha". Mzaha ndiyo mbegu ya "scorn". Kwa sababu hiyo dharau isiyosikika wala kuonekana haiitwi "scorn" kwa urahisi. Hutiririka, humwagwa, hurundikwa: "pour scorn on", "heap scorn on". "The minister poured scorn on the report" ni sentensi unayoweza kuikuta katika gazeti lolote la Uingereza.

Likiwa kitenzi, "scorn" huongeza jambo jingine, nalo ni kukataa. "He scorned my advice" haisemi tu kwamba aliubeza ushauri wangu, inasema hakuufuata. Kutoka hapo ndipo ulipokuja usemi maarufu kuhusu hasira ya "a woman scorned", mwanamke ambaye mapenzi yake yamekataliwa. Wengi humpa Shakespeare mistari hiyo. Ni ya William Congreve, katika tamthilia yake ya mwaka 1697, "The Mourning Bride", na ilivyoandikwa ni hivi kwa tahajia ya leo: "Heaven has no rage like love to hatred turned, nor hell a fury like a woman scorned." Hapo usitafsiri "aliyedharauliwa" na kuishia hapo; "aliyekataliwa" iko karibu zaidi.

Sasa "despise", neno linalotumiwa vibaya kuliko yote. Asili yake ni Kilatini "despicere": "de-", chini, na "specere", kutazama. Ndugu zake ni "inspect", "respect", "suspect" na "spectator", wote wa jicho. Kwa asili, basi, ni kumtazama mtu kwa kumshusha, na katika Kiingereza cha 1611 maana hiyo bado ilikuwa hai. Isaya 53:3, "He is despised and rejected of men", ndiyo "Alidharauliwa na kukataliwa na watu", na tafsiri inakaa sawa pande zote mbili. Lakini tangu hapo neno limepanda ukali. Leo Mwingereza akisema "I despise him", anayesikia huelewa chuki iliyochanganyika na dharau, chuki nzito isiyo na dalili ya kupoa. Mfasiri anayeandika "Town people despise farmers" kwa "watu wa mjini huwadharau wakulima" amewatia watu wa mjini chuki ambayo sentensi ya Kiswahili haikuwa nayo.

Dawa yake ni "look down on". Ni kauli ya kila siku, inafaa kwenye mazungumzo na kwenye gazeti, na ajabu yake ni kwamba inabeba picha ile ile ya Kilatini iliyofifia ndani ya "despise". "Town people look down on farmers." Shika "on", au "upon" kwenye maandishi ya heshima. "Look down at" ni kutazama chini kwa macho tu, kama anayetazama viatu vyake.

Kuna kosa jingine la "despise" linalotoka moja kwa moja kwenye "-na-" yetu. "Ananidharau" hugeuka "He is despising me". Kitenzi hiki hutaja hali ya moyo, kama "know" na "believe", kwa hiyo sema "He despises me."

Na usihangaishwe na "despite". Ni kweli ni mtoto wa ukoo huo huo wa kutazama chini: Kilatini "despectus" kilipitia Kifaransa kikazaa "despite" iliyokuwa nomino ya dharau, kisha "spite" ikakatwa kutoka humo. Leo "despite the rain" haina dharau hata chembe, ni "licha ya mvua" tu. Jambo la kuangalia ni kwamba "despite of" si sahihi. Ni "despite" peke yake, au "in spite of" yote matatu.

Dharau ya usoni

Kiingereza kina nyusi, pua na mdomo, kila kimoja na neno lake.

Nyusi ziko ndani ya "supercilious". Kilatini "supercilium" ni unyusi, na mtu "supercilious" ni yule anayekusikiliza huku kauinua, kana kwamba unachosema hakiwezi kuwa cha maana. Mkazo uko kwenye "sil": su-per-SIL-ious. Hutumika kwa tabia, sura na sauti: "a supercilious smile". Ni neno la maandishi zaidi kuliko la mazungumzo. Karibu yake kuna "haughty", mwenye kujiweka juu, kutoka Kifaransa "haut", juu. Herufi "gh" ziliongezwa baadaye kwa kufuata mfano wa maneno mengine ya Kiingereza na hazitamkwi, sema "hoti". Kwa mtu wa maringo na nyodo, "haughty" linafaa sana.

Pua ina misemo miwili, na si ya kubadilishana. "Turn up your nose at" huelekezwa kwa kitu unachopewa: chakula, kazi, zawadi, mshahara. "He turned up his nose at the job." "Look down your nose at" huelekezwa kwa mtu. Ukivichanganya utaeleweka, ila sikio la mwenyeji litashtuka.

Mdomo ndio wenye mengi. "Sneer" lilihusishwa na farasi kabla ya kuhamia kwa watu: katika karne ya 16 lilitumika kwa mkoromo wa farasi kupitia puani. Kwa binadamu ni ule mdomo unaopanda upande mmoja pamoja na sauti inayotoka nao, kwa hiyo neno hushika sura na maneno kwa pamoja. Waandishi wa hadithi hulipenda kwa ajili ya mazungumzo: "'You call this a report?' he sneered." Kihusishi ni "at". Kubinua mdomo bila kusema neno ni "curl one's lip".

Vipi kuhusu kusonya, au kufyonya kama wasemavyo wengine? Hapa Kiingereza cha kawaida kimepungukiwa, na suluhisho zake zinahitaji tahadhari. Zaburi 22:7 ya Kiswahili inasema "hunifyonya, wakitikisa vichwa vyao". Ile ya 1611 ina "they shoot out the lip", usemi ambao leo haueleweki tena nje ya kanisa. Kiingereza cha visiwa vya Caribbean kina "suck one's teeth" na "kiss one's teeth", na kupitia jamii za huko kauli hizo zimezoeleka mitaani London. Hizo ndizo zilizo karibu zaidi na msonyo wetu. Tatizo ni kwamba kwa Waingereza wengine "suck one's teeth" ni ishara ya kusitasita, kama fundi anayepima bei kabla ya kuitaja. Kwa hiyo ongeza sababu: "She sucked her teeth in disgust." Kiingereza cha Kenya kina "she clicked", ambacho Mkenya huelewa papo hapo, msomaji wa nje atafikiria "click one's tongue", sauti ya kulaumu kidogo, nyepesi mno kwa msonyo.

Dharau ya kinywani

Unapochagua kitenzi cha kusema, angalia mambo mawili: kama kuna kicheko, na kama kitenzi kinahitaji "at". Hili la pili ndilo linaloharibu insha nyingi. "Scoff", "sneer" na "laugh" vinahitaji "at". "Mock", "deride", "ridicule" na "taunt" havihitaji. "Jeer" hukubali yote mawili.

"Scoff" ni kulibeza wazo au dai, kwa sauti ya "hebu niache". Lina asili ya Skandinavia, na mara nyingi kinachobezwa ni jambo: "They scoffed at the plan." Kuna "scoff" nyingine ya Uingereza, kula kwa pupa, ambayo si ndugu yake. "Jeer" ni la kundi la watu, ndiyo kuzomea, uwanjani au mkutanoni. "Deride" limebeba kicheko waziwazi, kutoka Kilatini "ridere", kucheka, mzizi uliozaa pia "ridicule" na "ridiculous". Ni la maandishi rasmi.

"Mock" linajulikana na kila aliyemaliza kidato cha nne Tanzania au Kenya, kwa sababu ya mtihani wa "mock". Mtihani huo haudhihaki mtu. Neno lilitoka Kifaransa cha kale likiwa na maana ya kudhihaki, kisha kwa kuwa njia kuu ya kudhihaki ni kuiga, sauti ya mtu, mwendo wake, likazaa maana ya pili: cha kuigiza, mfano wa kile cha kweli. Ndiyo "mock exam", mtihani unaoiga ule wa mwisho, na "mock trial", kesi ya mazoezi kwa wanafunzi wa sheria. Kwa hiyo "mock" la kitenzi lifae zaidi pale dhihaka inapokuja kwa kuiga: "They mocked his accent" ni bora kuliko "They derided his accent".

"Taunt" ni kumchokoza mtu kwa maneno ya kuumiza ili alipuke. Watu hulitumia kutafsiri kusimanga, na hapo hukosea. Masimango yana historia ya fadhila ndani yake: nilikulisha, nilikusomesha. Kiingereza hakina neno moja la hilo. Sema "throw it in someone's face": "He keeps throwing his generosity in my face."

Maneno mawili hushusha thamani bila kucheka. "Disparage" ni kusema vibaya juu ya mtu au kazi yake ili ionekane duni. Asili yake inastaajabisha: katika Kifaransa cha kale ilikuwa kuozwa kwa mtu asiye wa daraja lako, kutoka "parage", ukoo au cheo, ambalo mwisho wake ni Kilatini "par", sawa. Aliyeolewa chini ameshushwa. Kutoka ndoa likahamia maneno. "Belittle" liko wazi, kumfanya mtu mdogo, na linalingana vizuri na kudunisha. Linahusishwa na Thomas Jefferson, aliyelitumia katika kitabu chake kuhusu Virginia akimjibu Mfaransa Buffon, aliyedai kwamba wanyama wa Amerika ni wadogo kuliko wa Ulaya. Kitabu kilipotoka London mwaka 1787, mhakiki mmoja alilibeza neno lenyewe. Leo hakuna anayelikumbuka kuwa geni.

Dharau iliyovaa upole

Hili ni eneo ambalo wanafunzi hulisahau, na ni muhimu kazini na katika barua. Mtu anakusifu kana kwamba wewe ni mtoto, anakufafanulia usichouliza, anakupigapiga bega. Kiswahili kitasema ananidharau kwa upole, au anajishusha kwa kuonekana. Kiingereza kina "condescending" na "patronizing".

"Condescend" kwa Kilatini ni kuteremka pamoja na wengine. Zamani ilikuwa sifa njema: mkubwa anayeacha kiti chake akaketi na wadogo. Biblia ya 1611 inawaagiza waumini "condescend to men of low estate", kwa maana nzuri kabisa. Katika "Pride and Prejudice", riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813, Bwana Collins anamsifia Lady Catherine kwa "condescension" yake na anamaanisha sifa, ingawa msomaji tayari anaona upande wa pili. Ukikutana na neno hili katika maandishi ya kabla ya karne ya 19, usikimbilie maana ya leo. Katika maandishi ya leo, "Don't be condescending" ni lawama tu.

"Patronize" linatoka kwa "patron", mlezi au mfadhili, na nyuma yake yuko "pater", baba. Humfanya mwenzako mtoto. Linachukua yambwa moja kwa moja, "Don't patronize me", wakati "condescend" huhitaji "to". Lina maana nyingine isiyo na ubaya, kuwa mteja wa duka au hoteli, na muktadha ndio huamua.

Hapa pia panafaa "snob". Utaambiwa kwamba ni kifupi cha Kilatini "sine nobilitate", asiye na ukabaila, kilichoandikwa kando ya majina ya wanafunzi. Hadithi hiyo si ya kweli, usiifundishe. Mwishoni mwa karne ya 18 "snob" alikuwa fundi viatu. Wanafunzi wa Cambridge wakamwita hivyo kila mkazi wa mji asiye wa chuo. Likawa mtu wa kawaida, kisha mtu wa kawaida anayeiga wakubwa, na William Thackeray alilieneza kwa "The Book of Snobs" ya mwaka 1848. Kutoka kwa anayewaiga wa juu, likafika kwa anayewadharau wa chini, maana ya leo. Limegeuka chini juu kabisa, kwa hiyo asili yake isikuongoze katika kulitumia.

Dharau ya kitendo

"Spurn" katika Kiingereza cha kale ni kupiga teke, na bado linapiga: ni kukataa kwa nguvu kitu ulichopewa. "She spurned his offer." "Snub" lilikuja na Waskandinavia likiwa na maana ya kukaripia, sasa ni kumpita mtu kana kwamba humwoni, kumnyima salamu au mwaliko. "Slight" ni kumkosea mtu heshima kwa jambo dogo, na neno lenyewe lilianza kama laini, likawa jembamba, likawa dogo.

"Flout" ni kukaidi sheria hadharani. Wanaisimu hulihusisha na kupiga filimbi. Kwa Kiholanzi "fluiten" ni kupiga mluzi. Mkono kwa mkono nalo kuna neno la Marekani, "scofflaw", ambalo siku yake ya kuzaliwa inajulikana. Wakati wa marufuku ya pombe, tajiri wa Massachusetts aitwaye Delcevare King aliahidi dola 200 kwa atakayebuni neno la kumwaibisha mnywaji wa pombe haramu. Yalitumwa mapendekezo zaidi ya 25,000, na Januari 1924 zawadi ikagawanywa kwa watu wawili waliotuma "scofflaw", yaani mbeza sheria. Marufuku ilikwisha, neno likabaki; leo Wamarekani hulitumia hata kwa wasiolipa faini za maegesho.

Jozi zinazochanganywa

"Contemptuous" ni anayedharau. "Contemptible" ni anayestahili kudharauliwa. "He was contemptible to the waiter" ni kosa; sema "contemptuous of the waiter". Na "despicable" liko upande wa "contemptible", ila kali zaidi.

"Derisive" ni cha kudhihaki, kama kicheko: "derisive laughter". "Derisory" ni kidogo kiasi cha kuchekesha: "a derisory pay rise", nyongeza ya mshahara isiyofika popote. Ukimwandikia mwajiri, hili la pili ndilo unalolitaka.

"Flout the law" ni kukaidi sheria. "Flaunt wealth" ni kuringia mali. Kuandika "flaunt the law" ni kosa ambalo hata Waingereza hulifanya, na wahariri hulisahihisha kila siku.

"Contumely" lina "-ly" mwishoni lakini ni nomino, matusi ya kiburi. Hamlet analitaja, "the proud man's contumely". Litambue unaposoma, usilitie kwenye barua.

Jinsi ya kuifanyia kazi sentensi

Chukua "Alinitazama kwa dharau." Jaribio la kwanza: si kuchukulia kirahisi, basi ni dharau ya kweli. Iko wapi? Machoni. Je, anajiona wa daraja la juu? Kama ndiyo, "She looked at me with disdain." Kama ameshanihukumu kuwa sina thamani, "with contempt". Kama mdomo ulipinda, "She sneered at me", na macho hayatajwi tena.

"Bosi anadharau kazi zetu." Akiwa anasema, "The boss belittles our work." Akiwa hasemi ila mnahisi, "The boss looks down on our work." Akiwa anasifu kwa sauti ya mwalimu wa chekechea, "The boss is patronizing."

"Kampuni imedharau agizo la mahakama." Kwa habari ya gazeti, "The company has flouted the court order." "The company is in contempt of court" iandike tu mahakama ikishaamua hivyo, kwa sababu hapo umeeleza hatia ya kisheria. Kabla ya uamuzi, salama ni "has failed to comply with the order".